Tuhifadhi Pia Bendera Iliyoshindwa

Kila Oktoba inapokaribia, bendera za Uganda hujaa katika barabara za Kampala, na miongoni mwa wanunuzi tumo wachache ambao hatuzichukui kwa ajili ya kupeperusha siku moja, bali kwa kuzitia katika fremu na kuzitundika ukutani ziwe kumbukumbu. Naipenda kazi hii kwa dhati, na ndiyo maana nasikitika kuona wakusanyaji wengi wakiianza historia ya bendera yetu usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu.

Usiku ule unastahili heshima yote unayopewa. Pale Kololo, jijini Kampala, bendera ya Uingereza ilishushwa, na afisa wa jeshi Akorimo Kanuti akaipandisha hii yenye milia sita, nyeusi, njano na nyekundu zikirudiwa mara mbili, na korongo taji aliyeinua mguu mmoja ndani ya duara jeupe. Mchoro huo unahusishwa na Grace Ibingira, aliyekuwa waziri wa sheria. Lakini miezi michache kabla yake, wakati Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP alipokuwa akiongoza serikali, ilikuwa imependekezwa bendera nyingine kabisa: milia ya wima ya kijani, buluu na kijani, iliyotenganishwa kwa milia myembamba ya njano, na katikati umbo la korongo la rangi ya njano. DP iliposhindwa katika uchaguzi wa tarehe 25 Aprili 1962, chama cha UPC chake Milton Obote kiliikataa na kuleta hii tuliyo nayo.

Kwa maoni yangu, mkusanyo usioitaja bendera hiyo unasimulia habari za mshindi peke yake. Ukiziweka tatu pamoja, yaani ile ya Uganda ya wakati wa ukoloni (si ya Uingereza yenyewe), ile ya DP na hii ya uhuru, utaona jambo ambalo fremu moja haiwezi kukuonyesha: korongo yumo katika zote. Vyama vilitofautiana juu ya rangi, lakini ndege yule hakuna aliyemwondoa, na kwangu huo ni ushahidi wa uzalendo uliokuwapo kabla ya uhuru wenyewe.

Bendera za baadaye nazo zina nafasi yake, hasa za mwaka 2012, tulipotimiza miaka 50 ya uhuru na Stephen Kiprotich akashinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya London, dhahabu yetu ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972.

Katika kuhifadhi, kitambaa kisibandikwe kwa gundi bali kishonwe taratibu juu ya kitambaa kingine, kisigusane na kioo, na fremu isipigwe na jua, kwa kuwa jua huchujua rangi. Nyuma yake paandikwe ilikotoka, mwaka wake na tukio lake. Anayeshonesha leo nakala ya bendera ya DP aandike waziwazi kwamba ni nakala. Na kama masanduku ya wazee wetu bado yana kitambaa chochote cha mwaka 1962, tuwaombe watusimulie habari zake sasa, wangali hai, kabla ya kumwita fundi wa fremu.