Steshenari Isiyotulia

Mimi na Kiingereza tuliachana kwa amani siku nilipomaliza kidato cha nne. Hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Kumbe mwenzangu hakuridhika, kanifuata mpaka nyumbani kupitia daftari la mtoto.

Ugomvi wenyewe ni wa herufi moja. Waingereza wana neno "stationary", yaani kitu kilichotulia mahali pamoja, hakiendi mbele wala nyuma. Halafu wana "stationery", yaani karatasi, kalamu, bahasha na mazagazaga yote ya kuandikia. Ukiyatamka, yanatoka mdomoni sawasawa. Ukiyaandika, moja lina a, la pili lina e, na hapo ndipo mwalimu anapochomoa kalamu nyekundu. Hivi watu waliovuka bahari zote kutafuta mali za wenzao walishindwa kutafuta neno jingine?

Binti yangu yuko darasa la sita. Kaandika kwamba mama yake humtuma "stationary" kununua kalamu, kakoseshwa. Kaja kwangu amevimba: "Baba, mbona kwenye bango la dukani wameandika hivyohivyo?" Shuleni wamepewa mbinu ya kukumbuka: yenye e ni ile ya "envelope". Sawa, ila nyumbani kwangu hakuna "envelope", kuna bahasha. Bahasha ina a tatu. Karatasi, tatu. Kalamu na daftari, mbilimbili. Hata kusimama kwenyewe kuna a. Penye e ni peni na penseli tu, nazo ni zao wenyewe! Mtoto wa Kiswahili ashike lipi?

Na bango analolisema nalijua vizuri. STATIONARY, herufi kubwa nyekundu, chini yake: kopi, kuprinti, pasipoti saizi, soda baridi. Mabango ya hivyo yamejaa mjini, nisingesema kitu. Kinachonikera ni kwamba duka lenyewe halijawahi kutulia. Lilikuwa jirani na msikiti, mwenye fremu akapandisha kodi, likahamia kwa fundi cherehani. Fundi naye akataka nafasi yake, sasa liko nyuma ya bucha. Kila likihama linahama na bango lake, na bango linatangaza kwamba hapa hatubanduki.

Nikaona nimfuate jirani yetu, mwalimu mstaafu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida. Kosa kubwa, maana yule mzee ukimgusa Kilatini hakuachi mpaka adhana.

"Kijana wangu, hayo maneno baba yao mmoja," akaanza. Kusimama kwa Kilatini ni "stare". Humo kikatoka "statio", pahali pa kusimama, ndiyo stesheni yetu ya treni. Zamani Ulaya wachuuzi wengi walikuwa machinga kama wa kwetu, mzigo mgongoni, leo gulio hili, kesho lile. Mwenye kibanda cha kudumu akaitwa "stationarius", yaani huyu ukimtaka utamkuta. Na waliokuwa na vibanda vya namna hiyo walikuwa hasa wauza vitabu karibu na vyuo vikuu. Waingereza wakamwita "stationer", vitu vyake vikawa "stationery". Hiyo e karithi kwa mwenye duka.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kuaga, lakini aliponiambia kazi yao nikakaa chini. Bologna na Paris, karne ya 13, kabla Ulaya haijapata mitambo ya kuchapa, mwanafunzi alikwenda kwa "stationarius" kukodi kitabu. Hapewi chote. Kilifunguliwa vipandevipande, anakodi kipande, anakinakili kwa mkono, anarudisha, anachukua kingine. Bei ilipangwa na chuo. Sasa niambie, hao na vijana wetu wanaojazana steshenari za karibu na chuo wiki ya mitihani, wanagombea nondo za mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri, wana tofauti gani? Mashine tu.

Wa London walijiundia chama chao mwaka 1403. Mwaka 1557 Malkia Mary akawapa hati ya kifalme, na kazi ya kuchapa vitabu Uingereza ikawa karibu yote mikononi mwao. Mwanachama akishaandikisha kitabu kwenye rejista ya chama, ole wako ukichape wewe. Baadaye sheria ya mwaka 1710 ikampa mwandishi haki juu ya kazi yake. Yaani mabwana waliokuwa wakali kuliko wote kuhusu kunakili ndio waliotuachia jina la duka ambalo unaingia na kitabu kimoja cha jasho la mtu, unatoka na vitatu vimebanwa spairo, na chenji juu!

Jana nikaenda mwenyewe nyuma ya bucha, kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha huyuhuyu binti. Foleni imegota, haisogei. Mbele yangu kuna kijana anaombewa chuo, na mtandao unazunguka tu. Zamu yangu ilipofika, binti wa dukani akaniambia kopi ni mia, mbele na nyuma mia mbili.

"Mwanangu, karatasi si ni moja?"

"Baba, wino hauangalii karatasi."

Nikatoa mia mbili. Akaweka cheti, akafunika, mashine ikanguruma kidogo, umeme ukakata.

"Acha tu cheti hapa baba, hela umeshalipa, kopi utaikuta kesho."

"Kesho mtakuwa hapahapa?"

Akaangalia bango, akaangalia mlango wa bucha, akanichania kipande cha karatasi. "Chukua namba yangu ya simu."