Vidonda vya tumbo vya shangazi

Shangazi yangu hatoki nyumbani bila mfuko wake wa kaki. Ndani mna vidonge vya magnesiamu, omeprazole ya kupunguza asidi tumboni, kipande cha mkate mkavu na vikorokoro vingine. Kwenye sherehe ukimpakulia maharage anasogeza sahani: "Mimi nina vidonda, mwanangu." Anavitaja kama mtu anavyotaja kabila lake.

Ukiuliza vilitoka wapi, ukoo mzima una jibu. Mawazo. Pilipili. Kulala na njaa. Tusichekane, maana hata madaktari wakubwa waliamini hivyo hivyo mpaka juzi tu. Mwaka 1979, huko Perth, Australia, Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria waliojipinda kwenye vinyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Wengi hawakumsikiliza, kwa kuwa iliaminika hakuna mdudu anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Kila wakijaribu kuwaotesha maabara, wapi! Visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku 2. Pasaka ya 1982 vikaachwa humo sikukuu nzima, na watu waliporudi kazini wakakuta wadudu wameota. Huwa nawaambia mabosi kisa hiki ninapoomba likizo.

Mwaka 1984, amechoka kubishiwa kila akisema wadudu hao ndio chanzo cha vidonda, Marshall akawanywa. Siku chache baadaye anatapika, mdomo unanuka, na kamera ilipoingizwa tumboni ikakuta ukuta wa ndani umevimba. Mwaka 2005 yeye na Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mdudu mwenyewe, H. pylori, ni mjanja: hutengeneza amonia inayopoza asidi inayomzunguka. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, na wengi wao hawaumwi chochote.

Sasa malalamiko yangu. Somo la Perth tumelipokea nusu. Shangazi alitobolewa kidole kwenye zahanati moja ya mtaani kupimwa mdudu huyo, mistari miwili ikatokea, yaani anaye, akaandikiwa antibayotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, pamoja na omeprazole, siku 14. Akazimaliza zote, mdomo mchungu kama mtu anayelamba msumari. Mwaka uliofuata tumbo likarudi, kidole kikatobolewa tena, mistari ile ile, dozi ile ile.

Hakuna aliyemwambia kwamba kipimo kile cha damu hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana naye, na askari hao hukaa kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Ni kuona majivu jikoni ukapiga kelele nyumba inaungua. Cha kuaminiwa ni kipimo cha choo au kile cha kupuliza pumzi, nacho ukifanye ukiwa umeacha omeprazole wiki 2 na antibayotiki wiki 4, la sivyo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Wahudumu siwalaumu sana. Kutoboa kidole ni rahisi, na hakuna mgonjwa anayefurahia kutembea na kopo.

Lakini gharama ipo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka H. pylori aliyezoea clarithromycin kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Mdudu hujifunza dawa kutoka kwetu, kwa anayemeza bila sababu na kwa anayeacha siku ya tano kwa kuwa "nimeshapata nafuu".

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi mwenyewe, hospitali nyingine, kopo amelificha kwenye khanga kama pesa ya mchezo. Majibu yakaja: mdudu hayupo. Daktari, binti mdogo tu, akamuuliza swali ambalo kwa miaka 11 hakuna aliyeliuliza.

"Shikamoo mama. Ukiacha hizi za tumbo, unameza dawa gani nyingine?"

Shangazi akaumwaga mfuko wa kaki mezani. Chini kabisa, chini ya magnesiamu, ikatoka diclofenac. Ya magoti. Kila siku, asubuhi na jioni, mara nyingi kabla hata ya chai. Binti akaishika, akaniangalia, akaandika. Baada ya bakteria, dawa za maumivu za aina hiyo ndizo zinazochimba sana vidonda tumboni.

Ya magoti imebadilishwa, na usiku analala. Jumamosi tulikuwa na harusi Mbagala, nikampakulia maharage kidogo ya nazi. Akasogeza sahani.