Njoo Peke Yako, Watoto Wabaki

Mimi na rafiki yangu tumejuana tangu shule ya msingi. Tumeshazungumza ndoa, madeni, misiba, kila kitu. Chanjo tu ndiyo tumekuwa tukiikwepa. Watoto wangu wote wamechanjwa. Yeye alimchanja wa kwanza, na wa pili, ambaye sasa ana miaka mitatu, hajapata hata dozi moja. Muda wote huo nilijifanya sijui na yeye akajifanya hajui kwamba ninajua.

Kisha nikajifungua. Mtoto ana wiki sita, rafiki yangu akapiga simu kwa furaha: wikiendi anakuja na wanawe kumwona mtoto.

Nilishindwa kumjibu. Chanjo ya surua hutolewa mtoto anapofikisha miezi tisa au mwaka, kutegemea nchi. Wangu bado yuko mbali na umri huo. Na surua si vipele vya kupita tu. Mgonjwa akitoka chumbani, virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili. Katika watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, hadi 9 huambukizwa. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mtoto huanza kuambukiza wengine siku kama 4 kabla vipele havijatokea, wakati ambapo wewe mzazi unaona mafua na macho mekundu, basi. Rafiki yangu angeniletea ugonjwa mikononi huku anacheka, bila yeye mwenyewe kujua.

Nikamwambia: dada, njoo peke yako, watoto wabaki. Akanyamaza. Akakata simu.

Baada ya siku mbili akapiga tena, na kwa mara ya kwanza akanieleza. Mwanawe wa kwanza alipochomwa sindano, paja lilivimba na kuwa gumu, usiku akapata homa. Alikaa naye kifuani hadi alfajiri, akihesabu pumzi zake. Asubuhi akamrudisha kliniki, na muuguzi akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba kina mama wa mtoto wa kwanza wanapenda kusumbua. Hakuna aliyemwambia kwamba homa ya namna ile ni kawaida, ni mwili unajenga kinga, na kwamba mara nyingi huisha kwa siku moja au mbili. Hakuna aliyemwonyesha dalili za hatari ambazo kweli zinataka mtoto arudishwe haraka. Waliomweleza kwa upole, kwa sauti ya kujali, ni watu wa kwenye simu, wale wanaosambaza rekodi za sauti kwamba chanjo zinaharibu watoto.

Nilikuwa najua kuhusu usiku ule. Alinisimulia wakati huohuo, nikamwambia "atapona tu", tukaendelea na mengine. Hilo linaniuma.

Tulizungumza karibu saa nzima. Aliuliza kama kweli chanjo ya surua huleta usonji (autism), nikamweleza nilichosoma: hofu ile ilienezwa na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 kwenye jarida la The Lancet, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida likaifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Nchini Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, na hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo ile na usonji. Alisikiliza. Sikuhisi kama yamemgusa.

Kilichomgusa ni Samoa, nchi ya visiwa kwenye Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walikufa huko baada ya kuchomwa chanjo ya surua, kwa sababu wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa, lakini mzazi gani angeweza kutenganisha hayo mawili siku ile? Serikali ikasimamisha chanjo kwa miezi kadhaa, watu wakaingiwa na woga, wapinga chanjo wakapata pa kusemea. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Katika nchi ya watu wapatao 200,000, walikufa 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Rafiki yangu akauliza, "Kwa hiyo wale kina mama walikuwa na sababu ya kuogopa?" Nikasema ndiyo, walikuwa nayo. Na wewe ulikuwa nayo. Surua haijali.

Ndiyo maana siwapendi wanaowacheka wazazi hawa na kuwaita wajinga. Lakini sikubaliani zaidi na wale wanaosema "kila mtu na mtoto wake". Ili surua isipate njia, inabidi karibu watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Hao wachache waliobaki ndio nafasi ya mwanangu wa wiki sita, na ya mtoto anayetibiwa saratani ambaye hawezi kupewa chanjo hii kwa sababu ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ukimwacha mwanao bila chanjo, uamuzi huo haubaki ndani ya nyumba yako. Na rafiki anayeliona hilo akanyamaza ili kulinda urafiki, kama nilivyofanya mimi, anamwachia mwenzake rekodi zile ziwe ndizo mshauri wake. Wanaokata urafiki wanafanya vilevile.

Alikuja Jumapili, peke yake. Alinawa mikono mara mbili, akambeba mtoto, akamnusa kichwa kama tunavyofanya sote. Halafu, bila kuniangalia, akauliza homa ya chanjo ya surua huja lini. Nikamwambia si watoto wote wanaoipata, na ikija, huwa ni kama wiki moja hadi siku 12 baada ya sindano. Akauliza mimi nilifanyaje. Nikamweleza: kumnyonyesha mara kwa mara, nguo nyepesi, dawa ya homa kwa kipimo cha kliniki, na kutolala sana.

Nikamwambia akiamua, nitakwenda naye kwenye foleni, na homa ikija nitalala kwake. Bado hajaniambia siku.