Kigoma: Inchaji anayesikiliza anadharauliwa bure

Huku Kigoma, inchaji (muuguzi msimamizi) wa idara ya dharura akisifiwa, aghalabu husifiwa kwa ukali: zamu yake haina mchezo, hakuna anayethubutu kuchelewa. Yule anayewakusanya wauguzi asubuhi kuulizana usiku kulikwenda kombo nini, huambiwa analea watu.

Ukali una nafasi yake. Utafiti wa malaria wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani hapa alikuwa na vimelea. Akifikishwa mmoja wao kwa degedege usiku, hapana kikao. Mmoja aamuru, wengine watende: huyu afungue njia ya hewa, yule apime sukari, mwingine atafute mshipa. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachokataa ni amri ya dakika zile kugeuzwa lugha ya mwezi mzima, kwenye kupanga zamu, kukabidhiana wagonjwa, hata kumkaripia muuguzi mbele ya ndugu wa mgonjwa. Bernard Bass, aliyeandika juu ya uongozi mwaka 1985, alimtenganisha kiongozi wa tuzo na adhabu na yule anayewainua watu wake, lakini hakudai kwamba wa pili anamfuta wa kwanza.

Tuitazame, kwa mfano, ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya adrenalini. Ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Mtu mzima aliyesimama moyo hupewa yote kwenye mshipa. Mwenye mzio mkali, ambaye moyo wake bado unapiga, huchomwa nusu tu, tena kwenye msuli wa paja. Ukimsukumia huyu wa pili dozi ya yule wa kwanza mshipani, unaweza kuuvuruga moyo hadi kumuua. Sasa mkubwa wa zamu amechoka, ameshika sindano, anatafuta mshipa wa huyo mwenye mzio. Kijana aliyeajiriwa juzi ameona. Atasema? Aliyefokewa wiki iliyopita kwa kuuliza swali ataangalia chini. Na kosa likitokea bila madhara makubwa, halitaandikwa popote, kwa hiyo zamu inayofuata italirudia. Hapo ndipo ukali, unaodaiwa kulinda wagonjwa, unapowaponza.

Kuna pia wanaochoka kimyakimya wakaomba kuhamia wodi nyingine, au kurudi mikoa ya kwao. Pengo lao husubiri kibali cha ajira, na waliobaki hubeba zamu zao.

Ni kweli wapo wanaoutumia upole wa inchaji kuchelewa kila siku. Hao waandikiwe barua. Na usikivu hauzai wauguzi: wawili wakifanya kazi ya watano, watachoka chini ya kiongozi yeyote. Ila inchaji aliyezoea kusikiliza atajua mapema nani anakaribia kuanguka, naye anaweza kubadilisha ratiba kabla hajaanguka.

Kwa hiyo uongozi wa hospitali unapoteua inchaji, usiishie kwa matroni na daktari. Uwaulize wauguzi wa zamu ya usiku: mkikosea dozi, huwa mnamwambia nani kwanza?