Kroni Ni Mimi

Mwenyekiti wa SACCOS yetu alitaka jambo moja tu: kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, wanachama wenye marejesho ya siku hiyo wapate meseji ya kuwakumbusha, bila mtu kugusa kitu. Hayo ya "bila mtu kugusa kitu" aliyarudia kwenye mkutano mkuu huku ameinua mikono yote miwili juu kuonyesha, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi ndiye fundi wa chama kwa mambo ya kompyuta. Malipo yangu ni nauli na heshima, na kati ya hivyo viwili heshima ndiyo inayokuja kwa wakati.

Skripti nikaiandika. Inaingia kwenye hifadhidata, inachambua nani anadaiwa leo, inamtungia kila mmoja meseji yenye jina lake na kiasi chake, kisha inazirusha. Nikaiendesha kwa mkono, ikatii. Nikaikabidhi kwa kroni, ile programu ya Linux inayokesha ikitazama saa, na kila dakika inajiuliza kama kuna kazi ya kuanzisha. Seva tumekodi, iko Ujerumani, na saa yake ni UTC, ile saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Wengi wanakwama hapo. Mimi sikukwama: niliandika `0 5 * * 1-5`, saa tano ya seva, inayohesabu kuanzia usiku wa manane, ikiwa ndiyo saa mbili asubuhi ya Temeke, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Saa mbili ikafika, kimya. Baada ya muda mwenyekiti akapiga. Nilikuwa nimemwingiza na yeye kwenye orodha ili ajionee maajabu.

"Fundi, mbona simu yangu haijalia?"

Nikamwambia asikate. Nikaingia kwenye seva kwa simu ya pili, nikaiendesha skripti kwa mkono. Nikasikia mlio wa meseji upande wake.

"Eeh! Hiyo imeingia! Kumbe ni mtandao tu."

Nikasema ndiyo, ni mtandao. Nchi hii mtandao umebebeshwa dhambi nyingi, hiyo moja haikuuongezea uzito.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Ikabidi kila inapokaribia saa mbili niwe macho, simu mkononi, dole gumba juu ya kitufe. Mwenyekiti anasifia mfumo unaojiendesha wenyewe, na mfumo wenyewe uko kwenye daladala la Mbagala umesimama kwa mguu mmoja, unaomba mama aliye mbele asogeze ndoo ya dagaa ili mtandao ushike.

Nikapeleka kesi kwenye kundi la mafundi la WhatsApp. Huko ushauri hauna foleni. Mmoja akasema kroni haisomi mazingira yako, PATH yake, yaani orodha ya folda inakotafuta programu, ni fupi, ina `/usr/bin` na `/bin` basi, kwa hiyo andika njia kamili za kila programu. Kweli tupu. Nikaandika, haikusaidia. Mwingine akasema kroni inaanzia kwenye folda ya nyumbani, si pale ulipoiweka skripti. Nalo kweli. Nikarekebisha, kimya. Wa tatu akasema labda faili haina ruhusa ya kuendeshwa. Wa nne akasema zima uwashe. Wa tano akatuma picha ya mtoto anacheka. Nikaweka kazi ya majaribio, mstari mfupi wa kuandika tarehe kwenye faili kila dakika, na huo ukafanya kazi bila kusita. Yaani kroni ni mzima wa afya. Anachokataa ni kazi yangu mimi.

Katikati ya hayo tukapata msiba Korogwe, mjomba wa mke wangu. Saa mbili kasorobo nimeketi mkekani na wazee, nimeinamisha kichwa kama wenzangu, ila macho yangu yako kwenye betri. Betri ilitosha. Bando ndilo lililokata. Nikamsogelea shemeji, nikamnong'oneza, "Shem, niwashie hotispoti kidogo."

"Ya nini saa hizi?"

"Kuna watu Temeke wanadaiwa."

Akanitazama kwa muda, akaiwasha. Meseji zikaenda. Lakini na habari nazo zikaenda, maana mpaka tunarudi makaburini ukoo mzima unajua kwamba mume wa binti yao anadai watu hata msibani. Kabla ya chakula mzee mmoja akanivuta pembeni, uso umejaa huzuni, akaniuliza kama chama chetu kinakopesha na watu wa Korogwe.

Niliporudi nikatafuta msaidizi. Mama mhazini ndiye anayefungua ofisi asubuhi, na siri anazijua kuzitunza. Hakuna anayejua posho yake ni kiasi gani. Kwenye kompyuta ya ofisi nikamwekea ikoni kubwa nyekundu: BONYEZA SAA MBILI.

"Fundi, kwani si inajiendesha yenyewe?"

"Inajiendesha, mama. Ila lazima kuwe na mtu wa kuianzisha."

Akatafakari. "Kama mwenyekiti."

Kuanzia hapo mambo yakatulia. Mama mhazini hakuwahi kuchelewa hata dakika. Anafika, anapangusa meza, anavaa miwani, anaisubiri saa ya ukutani, anabonyeza. Nilimkuta siku moja amemnyamazisha mteja kwa kiganja: "Ngoja kwanza, niko kazini."

Mimi nikabaki na jakamoyo langu. Usiku mmoja, badala ya kuiangalia skripti, nikafungua kumbukumbu za seva yenyewe, nikatafuta kila palipotajwa kroni. Na mstari wangu upo! Kila siku, saa tano ya seva, kroni ameuanza. Ila umekatwa. Kwangu unaishia na `$(date +%F).log`, maana nilitaka ripoti ya kila siku ihifadhiwe kwenye faili lenye tarehe yake. Kwake unaishia `$(date +` halafu basi.

Kwenye krontabu, lile faili la ratiba ya kroni, alama ya asilimia si asilimia. Kroni akiiona anaihesabu kuwa mwisho wa mstari: kilicho kabla ndicho amri, kilicho baada analishwa huyo aliyeamriwa kama maandishi. Sheria hiyo imo kwenye mwongozo wa Unix toleo la 7 wa mwaka 1979. Mabano yangu yalikuwa yanafunguliwa na hayafungwi, amri inakufa kabla skripti haijaguswa. Ukiubandika mstari uleule kwenye teminali, shelo, programu inayopokea amri hapo, haina habari na sheria hiyo, inauendesha bila neno. Na mstari wangu wa majaribio haukuwa na asilimia. Ndiyo maana wote tulikuwa wazima isipokuwa kazi.

Kilichonichoma zaidi ni maneno ya chini yake: `No MTA installed, discarding output`. Kazi ikitoa maneno yoyote, hata ya kosa, kroni humwandikia mwenye kazi barua pepe ya ndani yenye maneno hayo. Seva yetu sikuiwekea programu ya kupeleka barua. Kumbe kila asubuhi alikuwa ananiandikia kosa lilipo, anakosa wa kumtuma, anaichana.

Dawa ni kimkwaju kimoja kilicholalia nyuma, mbele ya asilimia: `\%`. Nikakiweka Ijumaa usiku, nikalala.

Jumatatu saa mbili kamili kroni akatuma. Saa mbili kamili mama mhazini naye akabonyeza.

Wa kwanza kufika ofisini alikuwa mama wa vitumbua, simu kaishika kama ushahidi wa mahakamani. "Nimeambiwa elfu ishirini. Sijakaa, nimeambiwa tena elfu ishirini. Hii hapa ishirini, hiyo nyingine mtanisubiri mwisho wa mwezi." Nyuma yake vijana wa bodaboda, kila mmoja na hoja yake na noti yake. Kufika mchana karibu kila aliyetakiwa kulipa siku ile alikuwa amelipa, na waliokuwa hawajalipa walikuwa njiani, wanapiga simu kuomba wasitumiwe ya tatu.

Nilikuwa nimeshaandaa maelezo ya kitaalamu. Mwenyekiti hakuyataka. "Hiyo ya pili," akasema, "iwe ya kudumu."

Nikaenda kwa mama mhazini, nikamwambia sasa apumzike, nitaongeza mstari mwingine kroni atume zote mbili. Akavua miwani.

"Ya kwanza mpe mashine. Ya pili ni yangu."

Ikoni iko palepale. Akiwa na safari, ananiachia maagizo siku moja kabla, saa mbili nibonyeze mimi.