Fisi mlangoni

Ukichora kwa mtindo wa tingatinga miaka mingi, mkono hausikii tena: picha bila mnyama hauitaki. Ndicho kilichoniponza.

Oda zilikuwa zimekauka, nikachukua silingibodi nikaamua kuchora banda langu la kazi. Mchoraji Van Gogh aliichora nyumba aliyopanga kule Arles, Ufaransa, mwaka 1888. Mabomu yakaiharibu mwaka 1944, picha ipo mpaka leo. Nikasema na langu likidondoka, maana dalili zilikuwepo, angalau libaki ubaoni.

Nililitendea haki. Ufa wa ukuta wa nyuma, gogo la mwarobaini linalouzuia usilale, ndoo tatu za kukingia mvua. Kutu ya bati nikaitia nyekundu. Kwa rangi ya baiskeli hata kutu inameremeta kama bi harusi. Pakabaki uwazi mlangoni. Nikatia fisi. Akaonekana yu uchi, nikamvisha barghashia. Mikono ikawa haina kazi, nikampa kitabu cha risiti.

Wallahi sikumkusudia mtu.

Ijumaa, saa sita na nusu, akaingia mzee mwenye banda. Kanzu nyeupe pe, barghashia, kitabu cha risiti. Nikaruka kuikinga picha kwa mgongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaficha nini, mwanangu?"

Akanisogeza kando. Akazihesabu ndoo zote tatu, akaguna. Kisha kidole kikatua mlangoni.

"Na huyu?"

"Mbwa, mzee. Mlinzi."

"Mbona kiuno kimeshuka?"

"Amekesha."

"Na risiti?"

Hapo sikuwa na jibu. Mzee akatangaza kwamba picha anaishikilia mpaka nilipe, akaibana kwapani, huyoo, msikitini. Nikamkimbilia nikipiga kelele, "Mbichi, mzee! Mbichi!" Akadhani namtukana, akaongeza mwendo.

Alirudi baada ya swala. Fisi alikuwa amehamia ubavuni mwa kanzu, na barghashia yake, na kitabu chake, ila sasa anatazama upande wa pili. Safu ya nyuma ilikuwa imemwona zamani. Yeye aliambiwa na mjukuu.

Nilisugua kanzu kwa mafuta ya taa hadi magharibi. Ikatoka barghashia peke yake.

Mwisho wa mwezi nililipa. Mzee akalamba kidole, akafunua kitabu, akaniandikia risiti moja: kodi ya banda, kanzu, na fisi.