Mgonjwa wa kwenye kompyuta aaminiwe kwa kiasi gani?

Mwaka 2008, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikubali programu ya vyuo vikuu vya Virginia (Marekani) na Padova (Italia) itumike badala ya wanyama katika majaribio ya awali ya pampu za insulini zinazojiendesha. Ndani yake mna wagonjwa 300 wa kubuni wa kisukari aina ya kwanza, kila mmoja akiwa ni rundo la milinganyo.

Faida yake haina ubishi. Unampa mgonjwa gramu 60 za wanga na insulini kwa wakati, kisha unarudisha saa nyuma na kumpa wanga uleule, insulini ikichelewa nusu saa. Mtu wa kweli huwezi kumrudisha jana. Na pampu ikikosea, hafi mtu wala mbwa.

Ila mgonjwa wa toleo lile la kwanza aliitikia insulini vilevile asubuhi hadi usiku, jambo ambalo mwenye kisukari yeyote angelicheka. Matoleo ya baadaye yalirekebisha hilo, na kila rekebisho lilikuja na vigezo vipya, yaani namba za kukadiria ndani ya milinganyo. Hapo ndipo penye mtego. Chukua mtu ambaye kongosho lake bado linafanya kazi. Likitoa insulini kidogo na mwili ukaiondoa polepole, au likitoa maradufu na mwili ukaiondoa upesi maradufu, kipimo cha insulini kwenye damu kinatulia palepale. Mlinganyo unaweza kuafiki vipimo vyote na bado ukaeleza mwili ambao haupo. Kilichowanasua watafiti ni C-peptaidi, kipande kinachotoka kongoshoni sambamba na insulini lakini ini haliigusi sana, hivyo huonyesha kongosho limetoa insulini kiasi gani. Yaani jibu lilitoka maabara. Hesabu ilionyesha tu pa kuchungulia.

Na hilo si dogo. Wanasayansi Waingereza Hodgkin na Huxley, mwaka 1952, walipima umeme kwenye neva ya ngisi, wakaandika milinganyo iliyoashiria vijilango vya ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) miaka mingi kabla havijaonekana.

Kwangu mimi, "hapana" ya kompyuta ina uzito kuliko "ndiyo" yake. Pampu iliyoshindwa kwa wagonjwa hao 300 isisogee karibu na mtu. Iliyofaulu imefaulu mitihani ambayo watunzi waliifikiria, basi. Mgonjwa wa kompyuta hashikwi na homa, hadanganyi alichokula, wala mrija wa pampu yake haujikunji usiku akiwa amelala, mpaka mtu aandike hivyo kwenye programu.